Jinsi ya kuomba hati na kibao cha kihistoria cha gari la misuli, Michigan

Anza na namba, rangi utaiona baadaye. Ukikuta Chevrolet Chevelle ya 1970 imeoshwa na kuegeshwa juani, macho yatakimbilia kwenye boneti. Wewe nenda kwenye kioo cha mbele, upande wa dereva. Pale juu ya dashibodi pana kijibati chembamba chenye chesisi namba. Kipige picha, kisha mwombe muuzaji akuoneshe hati ya umiliki, yaani kile ambacho Tanzania tunakiita kadi ya gari na wenzetu wa Kenya wanakiita logibuku. Soma herufi kwa herufi. Zikipishana hata moja, funga mkoba.

Ninaandika kwa ajili ya wanaoishi Michigan, jimbo la Detroit, maana kila jimbo la Marekani lina utaratibu wake. Kibao cha kihistoria ni kibao cha namba cha gari la zamani linalotunzwa, si la kwenda nalo kazini kila siku. Na magari ninayoyasema ni yale wenyewe wanayoyaita ya misuli: bodi ya ukubwa wa kati iliyotiwa injini kubwa ya V8, yaani ya silinda nane, kuanzia Pontiac GTO ya 1964 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Kusoma chesisi namba

Namba ya tarakimu na herufi 17 tuliyoizoea ilianza na magari ya 1981. Ya nyuma yake ni fupi, na kila kampuni ilikuwa na mtindo wake, kwa hiyo huduma nyingi za kutafuta historia ya gari mtandaoni zitakukatalia. Inabidi uisome mwenyewe.

Chukua Chevelle inayoanza na 136370K. Hiyo 1 ni Chevrolet, 36 ni Malibu, toleo mojawapo la Chevelle, ya V8, 37 ni kupe ya milango miwili, 0 ni mwaka 1970, K ni kiwanda cha Kansas City. Zinafuata tarakimu sita za mfululizo wa uzalishaji. Umeona kilichokosekana? Hakuna mahali panaposema SS, yaani Super Sport, ile yenye injini kali. Mwaka huo SS ilikuwa nyongeza ya kuagizia, haimo kwenye namba kabisa, na ndiyo maana nembo za SS za dukani zimepandisha bei ya Malibu nyingi za kawaida. Muuzaji akikuambia ni SS 454 (hiyo 454 ni ukubwa wa injini kwa inchi za ujazo), dai karatasi: ankara ya mwanzo, au ile karatasi ya kiwandani ambayo mara nyingine hukutwa imekwama juu ya tangi la mafuta. Bila karatasi, lipa bei ya Malibu.

Dodge Charger ni mkweli zaidi. Namba ya 1969 ikianza XS29L9B, ni R/T halisi, yaani Charger ya kasi, yenye injini ya 440, na B ni kiwanda cha Hamtramck, mji mdogo uliozungukwa na Detroit. GTO za 1966 hadi 1971 huanza na 242. Za 1964 na 1965 zimeandikwa kama LeMans, gari jingine la Pontiac, kwa sababu GTO nayo ilianza kama nyongeza.

Kijibati cha kwenye dashibodi kilikuja na magari ya 1968. Ya nyuma yake, tafuta kwenye nguzo ya mlango wa dereva kwa magari ya General Motors (Chevrolet na Pontiac zimo), au ndani ya boneti, kwenye bati la juu ya gurudumu la mbele kushoto, kwa Ford Mustang. Angalia na ribiti zinazoshikilia kijibati. Kwenye Chevelle ya 1970 vichwa vya ribiti vina umbo la ua. Ukikuta skurubu, kuna mtu amepita hapo kabla yako.

Hati, na mtego wake

Hati ya Michigan inasainiwa na muuzaji mwenyewe, yule ambaye jina lake limechapishwa juu yake. Hapa ndipo wengi tunapoliwa. Gari langu la kwanza nililikuta ghalani, nje kidogo ya Lansing, limelala chini ya turubai na kinyesi cha kuku. Mzee aliyekuwa akiliuza alikuwa mkarimu, alinipa kahawa, akaniita mwanangu. Hati alikuwa nayo, imesainiwa vizuri. Ila saini ilikuwa ya mtu mwingine, aliyemuuzia yeye miaka kumi na moja nyuma, na mzee hakuwahi kwenda kuiandikisha kwa jina lake. Nikalipa. Ofisini nikarudishwa, nikaanza kumtafuta muuzaji wa kwanza. Alikuwa ameshafariki. Ilibidi nimfuate binti yake na cheti cha kifo, akajaza fomu ya mrithi, na miezi minne ikaenda hivihivi gari limekaa juu ya matofali.

Kwa hiyo jina lililo kwenye hati na jina lililo kwenye kitambulisho cha anayepokea hela yako viwe vya mtu mmoja. Kama hati haipo kabisa, Michigan inakubali dhamana ya kampuni ya bima, ya kiasi cha mara mbili ya thamani ya gari, kwa gari linalozidi dola 2,500. Inawezekana, lakini gharama hiyo itoe kwenye bei, si mfukoni mwako. Gari likitoka New York usishtuke: huko magari ya 1972 kurudi nyuma hayapewi hati, yanauzwa kwa kadi ya usajili inayosainiwa kwa mnunuzi.

Kwenda ofisini

Michigan mambo ya magari yako kwenye ofisi ya Katibu wa Jimbo (Secretary of State), si polisi wala mamlaka ya mapato. Weka miadi mtandaoni. Una siku 15 tangu kununua. Zikipita, kuna faini ya dola 15. Beba hati iliyosainiwa, ikiwa na tarehe na bei, kitambulisho chako, na hela ya kodi. Kodi ni asilimia 6, inayopigwa kwenye bei au thamani ya soko, iliyo kubwa kati ya hizo. Ule ujanja wa kuandika dola 500 kwenye gari la dola 20,000 uuache. Karani naye anajua Charger ni nini. Ndugu wa karibu wa damu au ndoa akikuhamishia, kodi hiyo hailipwi.

Kama gari bado ni la kufufua, omba hati peke yake, bila kibao cha namba. Hutahitaji kuonesha bima siku hiyo, na jina lako litakuwa limeshaingia hata kama kazi ya gereji itachukua miaka. Kibao kinaweza kusubiri. Hati haiwezi.

Kulifufua bila kuharibu karatasi

Michigan hutia chumvi barabarani kila majira ya baridi, na chumvi hiyo hula mabati kuanzia chini. Pita na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa kwenye milango, matao ya magurudumu na kona za chini ya kioo cha nyuma. Inapoacha kushika, ujue pana fila, ile lipu ya kuziba mashimo ya kutu, chini ya rangi. Injini mbovu inatengenezeka kwa bei inayojulikana. Chesisi iliyooza ndiyo inayomaliza watu. Mimi ningenunua gari kavu la Arizona lisilo na injini kabla ya la hapa linalowaka.

Ukianza kufungua, piga picha kabla ya kila nati, na kila mfuko wa skurubu uuandike kwa kalamu isiyofutika. Breki kwanza. Magari ya 1966 kurudi nyuma mengi yana mfumo mmoja tu wa mafuta ya breki: bomba likipasuka, magurudumu yote manne yanakosa breki kwa pamoja. Mipira ya mafuta ya zamani nayo ibadilishe yote, maana petroli ya leo ina ethanoli na inaila.

Kisha lile lililonipandisha presha. Nilipeleka bodi kwa fundi rangi, na siku ya tatu nikapita kuangalia. Nikamkuta ameinama dirishani na bisibisi bapa, anaanza kukibandua kijibati cha chesisi namba ili apige msasa vizuri chini yake. Nia yake njema kabisa. Lakini kuondoa au kuchezea namba hiyo ni kosa la jinai chini ya sheria ya shirikisho, kifungo hadi miaka mitano, na hata kama huendi jela, gari lenye ribiti mpya hakuna mnunuzi mwenye akili atakayeligusa. Nikamwambia, ‘Kaka, zungushia tepu tu.’ Tangu hapo naandika kwa kalamu nyekundu juu ya kioo: NAMBA ISIGUSWE.

Kubadilisha injini hakuharibu hati. Kuhamishia kijibati kwenye bodi nyingine kunaharibu. Ukiunganisha sehemu kubwa za magari mawili, jimbo litalihesabu kuwa gari la kuunganishwa, na polisi watalikagua kabla halijapewa hati.

Kuomba kibao cha kihistoria

Gari likishatembea, tafuta bima ya thamani mnayokubaliana. Bima ya kawaida itakulipa kama gari bovu la miaka hamsini. Hii inaandika kiasi kwenye mkataba. Piga picha za kazi, tunza risiti zote.

Halafu rudi kwa Katibu wa Jimbo na hati, cheti cha bima ya Michigan na fomu ya kibao cha kihistoria. Gari liwe na miaka 26 au zaidi. Ada ni dola 30 na inadumu miaka kumi. Hakuna ukaguzi wa moshi. Kwenye fomu unatia saini kwamba ni gari la mkusanyaji, la maonesho, gwaride, shughuli za klabu na kujaribiwa mitambo. Kwenda nalo kazini kila siku ni kuvunja kiapo hicho. Ukipenda, unaweza kuomba kutumia kibao halisi cha Michigan cha mwaka wa gari lako. Vinauzwa kwenye masoko ya spea za zamani, ila chagua kinachosomeka.

Kuna mwezi mmoja wa ruhusa. Agosti yote, sheria inakuachia uliendeshe kama gari lolote, sokoni, kazini, kanisani au msikitini. Ndio mwezi ambao Woodward Avenue, barabara kuu itokayo Detroit, hujaa magari haya kutoka mji wa Ferndale hadi mji wa Pontiac. Ukitaka kulionja mwaka huu, miadi yako ofisini iwe kabla ya Julai kuisha.