Waridi la jangwani halitaki kuonewa huruma

Watu wananiuliza vipi mawaridi yangu ya jangwani yanachanua hapa Jambiani, pwani ya Unguja, kwenye maweni na upepo wa chumvi. Jua si tatizo. Huu mti asili yake ni nchi kavu, kuanzia Sahel mpaka Afrika Mashariki na Arabuni, na shina lake nene la chini ndilo linaloweka maji. Kinachouua kwetu ni masika.

Kwa hiyo upande kwenye chungu, usiupande chini, hasa kama udongo wako ni kinamo. Chungu kiwe na matundu makubwa. Mimi nachanganya matofali yaliyopondwa mafungu mawili, mchanga fungu moja, na samadi kongwe fungu moja. Mchanga wa ufukweni uwache huko huko, una chumvi.

Wakati wa kaskazi mwagia udongo ukishakauka. Tia kidole ndani ujue. Mvua zikianza mwezi wa tatu, ingiza chungu upenuni. Kipupwe majani hugeuka manjano yakapukutika, na hapo ndipo watu hukimbilia ndoo. Usimwagie! Kwanza bonyeza shina. Likiwa gumu kama muhogo mbichi, mti umepumzika tu. Likibonyea, umeoza: kata mpaka ufike kwenye nyama safi, paka jivu, uuweke kivulini ukauke wiki nzima ndipo uupande tena.

Ukikata, nawa mikono. Utomvu wake ni sumu hasa, wawindaji wa bara walikuwa wakiupaka mishaleni. Watoto wasiuchezee.

Utakuta pia kiwavi mnene wa kijani, ana pembe mkiani na madoa mawili ya buluu kama macho. Usiku mmoja anamaliza tawi. Mtoe kwa kijiti, dawa ya nini?

Mbegu ndizo zinazotoa shina nene, kuliko vipandikizi. Maua yakishika, hutoka maganda mawili kama pembe za mbuzi. Yafunge uzi kabla hayajapasuka, maana kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili, na upepo wa hapa hauombi ruhusa. Zilaze juu ya mchanga wenye unyevu, uzifunike kidogo tu. Kila unapohamisha mche kwenye chungu kikubwa zaidi, uunyanyue kiasi cha vidole viwili ili mizizi minene ionekane juu.