Somo: Kuusoma mkato wa almasi kabla hujalipa

Ukiingia kwa sonara Westlands au Biashara Street, Nairobi, usianze na karati. Karati ni uzito tu. Karati 1 ni gramu 0.2. Kinacholimemetesha jiwe ni mkato, yaani pembe na vipimo lilivyochongwa navyo.

1. Omba cheti, utafute mchoro wa vipimo. Kwa almasi ya mduara, anza na pembe ya sehemu ya chini, maana ndiyo yenye uamuzi mkubwa: digrii 40.6 hadi 41. Pembe ya juu iwe 34 hadi 35, uso bapa wa juu asilimia 54 hadi 58 ya kipenyo, na kimo cha jiwe kutoka juu hadi chini asilimia 59 hadi 62.5 ya kipenyo hichohicho. Mtaalamu wa almasi Marcel Tolkowsky alikokotoa 40.75 na 34.5 mwaka 1919, na mkato mzuri bado uko karibu na hapo. Chini pakiwa bapa mno, mwanga unavujia mgongoni na utaona duara la kijivu ndani ya uso wa juu, kama jicho la samaki. Pakichongoka mno, katikati panakuwa peusi.

2. Pima kipenyo. Karati 1 iliyokatwa vizuri ina takriban milimita 6.4 hadi 6.5. Ukipata 6.0, hiyo ni sura ya karati 0.80, uzito uliobaki umefichwa kwenye kimo au kiuno kinene (ukingo unaozunguka jiwe katikati), nawe unaulipia. Kukata vizuri kunakula jiwe: almasi ya waridi ya Mwadui, Tanzania, aliyozawadiwa Elizabeth, baadaye Malkia wa Uingereza, mwaka 1947, ilikuwa karati 54.5 ikiwa ghafi, ikabaki 23.6.

3. Liondoe jiwe kwenye mwanga wa taa za dukani. Taa ndogo kali humeremetesha hata mkato mbovu. Nenda nalo mlangoni, kivulini, ulizungushe polepole. Sehemu isiyowaka hata kidogo inavujisha mwanga.

Maswali ya wanachama

Swali: Cheti changu cha GIA (taasisi ya Marekani inayopima ubora wa almasi) cha almasi ya mstatili hakina daraja la mkato. Nimepunjwa?
Jibu: La, dada. Daraja hilo lilianza 2006 kwa almasi ya mduara. Kwako soma ung'arishaji na ulinganifu, kisha fanya hatua ya 3 kwa makini zaidi.

Swali: Pete imefifia baada ya miezi michache. Mkato umechakaa?
Jibu: Hauchakai hivyo. Almasi hushika mafuta ya ngozi na losheni. Loweka kwenye maji vuguvugu yenye sabuni ya vyombo, usugue kwa mswaki laini, hasa upande wa chini wa jiwe. Tumia bakuli, si sinki.

Swali: Almasi ya maabara je?
Jibu: Pembe ni zilezile.