Kuku wa mayai na joto la kaskazi

Wafugaji wenzangu wa Kisauni, Likoni na Changamwe, kaskazi ikishika msiangalie maji peke yake. Kuku hatoi jasho. Joto likimzidi anahema mdomo wazi, na ndani ya seli zake zinazaliana kemikali kali zinazoharibu mafuta na protini za mwili. Kinga yake kubwa ni glutathioni, ambayo mwili huitengeneza wenyewe kwa asidi amino tatu, yaani vijenzi vya protini: sisteini, glutamati na glaisini. Sisteini ndiyo huadimika, na kuku huipata kwa kugeuza methionini iliyo kwenye chakula.

Hapo ndipo penye shida. Mahindi na soya vina methionini kidogo, na kuku mwenye joto hula kidogo zaidi. Kwa hiyo anapoihitaji sana ndipo anapoikosa.

Ukichanganya chakula mwenyewe, tia unga wa dagaa ili kuongeza methionini, kama kilo 5 kwa kila kilo 100. Ukizidisha sana mayai yatanuka samaki. Mashudu ya alizeti nayo yanasaidia. Dagaa wawe wakavu, wasio na chumvi nyingi, na wasiwe wamechacha: mafuta yaliyoharibika yanamwongezea kuku mzigo uleule tunaotaka kumpunguzia. Hili nalisisitiza, kwa sababu unyevu wa huku kwetu huharibu magunia upesi. Nunueni kidogo kidogo.

Chakula kiwekwe alfajiri na jioni, jua likiwa limepoa. Saa sita mchana waacheni wapumzike na maji baridi.