Jinsi ya kuomba rufaa ukiwa na kisukari, presha na ugonjwa mwingine juu yake

Kwa Tanzania, rufaa hupanda ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, ya kanda kama Bugando au KCMC, kisha ya taifa, Muhimbili. Ukiruka ngazi bila barua unaweza kurudishwa, au ukajikuta unalipa mfukoni na bima unayo. Dharura haisubiri barua. Hapo nenda moja kwa moja hospitali iliyo karibu.

Anza pale unapochukulia dawa, siku yako ya kliniki. Beba dawa zote na maboksi yake, hata za dukani na za mitishamba. Wengi huiacha nyumbani diklofenaki ya magoti kwa kuona ni ya maumivu tu. Kumbe inaweza kupandisha presha na kuumiza figo, na daktari wa rufaa lazima aijue.

Ukiingia kwa daktari, sema wazi: "Daktari, naomba rufaa, na naomba magonjwa yangu yote yaandikwe kwenye barua moja." Hapo kaza. Kuna barua zinazoishia "DM, HTN", yaani kisukari na presha, kisha muhuri. Haitoshi. Isome kabla hujatoka chumbani: kila ugonjwa na mwaka ulipogundulika, kila dawa na dozi yake, majibu ya karibuni ya sukari, presha na kreatinini (kipimo cha figo) yakiwa na tarehe, sababu ya rufaa, kliniki unayopelekwa, sahihi. Jina lifanane na la kadi ya bima au kitambulisho cha NIDA. Herufi moja ikipishana inaweza kukukwamisha dirishani.

Toa nakala, maana barua halisi inaweza kubaki kwenye faili.

Huna bima wala uwezo? Chukua kwa mtendaji wa kijiji au mtaa barua ya kuthibitisha hali yako, uipeleke ustawi wa jamii pale hospitalini mapema, si baada ya bili kutoka.

Ukishaonwa, omba mrejesho wa maandishi wa kumpelekea daktari aliyekutuma: dawa ipi imeongezwa, ipi imesitishwa. Na kama umepangiwa kliniki ya moyo Jumatatu na ya sukari Alhamisi, muombe nesi aziweke siku moja. Isipowezekana, basi zifuatane, ulale mjini usiku mmoja badala ya kulipa nauli ya kutoka, tuseme, Sengerema mara mbili.