Namna ya Kumsaidia Mwanafunzi wa Sekondari Kutatua Mafumbo ya Hesabu

Mwanafunzi wa Tanzania aliyetoka shule ya msingi ya serikali amejifunza hesabu kwa Kiswahili, lakini akifika kidato cha kwanza hukutana na mafumbo kwa Kiingereza, na mara nyingi kinachomshinda ni maelezo, si hesabu yenyewe. Kwa hiyo kabla hajashika kalamu, mtake asome swali mara mbili, kisha alisimulie kwa Kiswahili bila kulitazama: kiasi gani kimetajwa, ni cha nini, na kinachotafutwa ni kipi. Asipoweza kusimulia, usimpe kanuni yoyote. Rudini kwenye swali.

Usimzoeze kubahatisha tendo kwa kuangalia neno moja. Aliyekaririshwa kwamba “zaidi” ni kujumlisha atapotea hapa: Juma ana shilingi 2,000, ambazo ni shilingi 500 zaidi ya alizonazo Asha, je, Asha ana ngapi? Atajibu 2,500, ilhali jibu ni 1,500. Muulize kwanza ni nani mwenye fedha nyingi.

Kazi ngumu kuliko zote ni kuunda mlinganyo, na hapo njia ninayoiamini ni kuanza kwa kukisia. Tuseme tamasha la shule liliuza tiketi 200, ya mkubwa shilingi 3,000 na ya mtoto shilingi 1,000, zikapatikana shilingi 460,000. Tiketi za wakubwa zilikuwa ngapi? Mwache akisie 100, kisha aandike hatua zote bila kuzifupisha: 3,000 × 100 + 1,000 × (200 − 100) = 400,000. Hazijatosha. Sasa afute 100 kila mahali alipoikisia na kuweka x, na upande wa kulia aandike 460,000, naye atakuwa ameunda mlinganyo kwa mkono wake: 3,000x + 1,000(200 − x) = 460,000, unaotoa x = 130. Sisitiza kwamba x ni idadi ya tiketi za wakubwa. Anayeandika tu “x ni tiketi” atachanganyikiwa mbele ya safari.

Makisio hufichua pia kosa linalowapata hata wanafunzi hodari. Wakiambiwa kuwa wanafunzi ni mara 30 ya walimu, wengi huandika 30w = m, w ikiwa idadi ya wanafunzi na m ya walimu. Mwambie aweke walimu 2 na wanafunzi 60, naye ataona mwenyewe kwamba mlinganyo sahihi ni w = 30m.

Jibu lihakikiwe kwa kurudi kwenye habari ya swali, kwa sababu mlinganyo uliokosewa pia hutoa jibu linalolingana nao. Kwenye swali la tiketi, wakubwa 130 walilipa 390,000, watoto 70 walilipa 70,000, jumla 460,000. Mafumbo matatu yaliyochambuliwa hivi yanatosha kwa jioni moja.