Kutafuta chanzo cha mchochota wa ndani ya jicho ukiwa hospitali ya wilaya

Wiki iliyopita nilimwelekeza kwa simu mwenzangu aliyeko wilayani. Ana mgonjwa aliyekwisha kupewa matone ya steroidi mara tatu. Jicho linatulia, akiacha dawa linakuwa jekundu tena. Nimeyaandika niliyomwambia, yamfae na mwingine.

1. Jua mchochota uko wapi. Pima uoni na presha ya jicho, kisha hesabu chembe za mchochota kwenye chemba ya mbele (nafasi yenye maji nyuma ya konea) kwa mwale wa darubini wa milimita 1 kwa 1. Chembe 6 hadi 15 ni daraja la 1+, 16 hadi 25 ni 2+. Andika namba. Ukiandika "nyingi", atakayemwona mwezi ujao hatajua kama mgonjwa anapona. Presha ikiwa juu, fikiria virusi vya hepesi, na uguse konea kwa ncha ya pamba kabla ya kutia ganzi.

2. Panua mboni, macho yote mawili. Kovu la zamani kwenye retina lenye doa jeupe jipya pembeni linanitosha kusema ni kimelea cha toksoplazma. Kipimo cha IgG (kingamwili za damu) kikiwa chanya hakikuongezei kitu, maana watu wengi wamekwisha kukutana na kimelea hicho. Kikiwa hasi ndipo kinasaidia.

3. Uliza dalili za mwilini zinazoweza kuonyesha chanzo. Kikohozi, jasho la usiku, mkanda wa jeshi, vidonda vya mdomoni, mgongo unaokaza asubuhi, masikio kuvuma, mabaka meupe ya ngozi.

4. Pima kaswende kwa kila mtu. Hapa ndipo nilipokosea. Alikuja mzee mmoja na mkewe, leso imefunika jicho la kushoto. Niliona haya kumpima. Nikampa matone, baadaye vidonge vya predinisoloni, na uoni ukazidi kushuka. Miezi miwili ikapita ndipo nikamwomba tuzungumze wawili tu. Akaniambia, "Mwanangu, ungeniuliza siku ya kwanza ningekujibu." Tangu siku hiyo simkadirii mtu kwa umri wala kwa heshima yake.

Omba vipimo viwili, si kimoja. RPR, kipimo cha damu cha kaswende, peke yake inaweza kuwa hasi kwa ugonjwa wa siku nyingi. Inaweza pia kuwa hasi kwa sababu kingamwili ni nyingi kupita kiasi, kwa hiyo ukiwa na shaka waombe maabara wazimue sampuli na kurudia. Kipimo cha pili ni kile cha haraka kinachotumika kliniki ya wajawazito. Nenda kakiombe huko, kiko karibu na kinatoa jibu mgonjwa akiwa bado amekaa. Ila kumbuka, kwa wengi hubaki chanya maisha yote hata baada ya kutibiwa, hivyo muulize kama aliwahi kuchomwa sindano za kaswende, lini na ngapi.

Ikithibitika, usimchome benzathini (pensilini ya sindano ya msuli) ukamruhusu aende nyumbani. Kaswende ya jicho hutibiwa kama ya ubongo: pensilini ya kwenye mshipa, yuniti milioni 18 hadi 24 kwa siku, siku 10 hadi 14. Mpime VVU siku hiyohiyo, na mwenza wake aitwe.

5. Kifua kikuu. Picha ya kifua kwanza. Akiwa na makohozi, yapelekwe kwenye GeneXpert, mashine inayotafuta vimelea vya kifua kikuu. Mantoux, kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, siitegemei sana kwa mtu aliyechanjwa BCG.

Mgonjwa asilipie mapema kipimo cha HLA-B27, kijeni kinachohusishwa na mchochota wa jicho. Kijeni hicho ni nadra kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, na pesa hiyo ni bora alipie picha ya kifua.

Matone ya steroidi na atropini yanaweza kuendelea wakati unasubiri, mradi konea haina kidonda. Vidonge vya steroidi visubiri majibu ya hatua ya 4 na ya 5. Mwenzangu amekwisha kumpigia mgonjwa wake arudi Jumatatu, na nimemwambia achukue kipimo cha kaswende kabla hata hajawasha darubini.