SOMO: Memori ya kompyuta kwa sisi tusiojua kuandika programu

Wakuu habari za jioni. Nipo Dodoma mjini, na kinachoniuma ni kuona mtu anatoa hela kununua memori asiyoihitaji kwa sababu hilo neno tunaitia vitu viwili tofauti kabisa, leo tuvitenganishe.

Hatua ya 1. Muangalie mama anayeuza zabibu pale Majengo, ana meza na ana stoo. Mezani mkono unafika sahivi hivi ila nafasi ndogo, stoo inabeba kreti nyingi lakini mpaka ainuke aende. Meza ndo RAM, stoo ndo diski. Ukifungua barua yako inatolewa stoo inaletwa mezani, unaandika hapo mezani, na ukisevu ndo inarudi stoo. Umeme ukikatika kabla hujasevu, RAM inafutika yote, mimi nilishapoteza ripoti ya kurasa 11 hivohivo, kwa hiyo sevu kila baada ya aya jamani.

Hatua ya 2, vipimo. Biti ni 0 au 1 basi. Biti 8 ni baiti 1, inatosha herufi moja kama "a". Baiti 1,024 ni KB 1, KB 1,024 ni MB 1, MB 1,024 ni GB 1.

Hatua ya 3. Kwenye Windows bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, bofya Memory. Ukikuta asilimia 90 na zaidi muda wote, meza yako imejaa.

MASWALI

Mkuu nimefuta picha zote mbona laptop bado nzito?
– Umefagia stoo ndugu yangu, meza hujaigusa. Funga tabu za intaneti usizozitumia. RAM ikijaa kompyuta inahamishia vitu diski kwa muda, ndo inaanza kukokota, na kama diski ni HDD (ile ya sahani inayozunguka, ya taratibu) utalia.

Flashi ya GB 64 inasoma 59, nimepigwa?
– Hujapigwa dada. Kiwandani wanahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Chukua bilioni 64 gawa kwa 1,024 mara tatu, unapata 59.6.

Laptop yangu ni ya DDR3, nimepata RAM ya DDR4 (kizazi kinachofuata cha RAM) bei nzuri, ninunue?
– Hapana, haiingii, kile kikato cha kwenye ukingo wa RAM kipo sehemu nyingine. Fundi akitaka kuilazimisha mnyang'anye laptop.